Chambo cha Dakika Kumi na Tano

Simu iliyoleta balaa lote iliita saa mbili na dakika kumi asubuhi, chai ya Mwandishi ikiwa bado inatoa moshi.

Pale kiwandani walimwita hivyo, Mwandishi, na mgeni akisikia hudhani mama huyu anatunga hadithi za mapenzi. Wapi! Kazi yake ni kuandika vitabu vya maelekezo, vile vinavyokuja ndani ya boksi pamoja na mashine, ambavyo watu huvitupa droo ya chini kabisa na kuvitafuta siku mashine imeanza kunuka moshi. Nyumbani mumewe alikuwa akimtania kwamba akipewa kijiko ataanza kuuliza mpini ni upande gani. Binti yake naye alikuwa amebandika karatasi kwenye mlango wa bafu: Hatua ya kwanza, bisha hodi. Hatua ya pili, ngoja ujibiwe. Wote walicheka, na yeye alicheka zaidi yao, kwa sababu aliipenda kazi yake na alijua anaiweza.

Kiwanda chao kilitengeneza mashine za kuchemshia vyombo vya hospitali kwa mvuke. Ni chungu cha chuma kinachomfika mtu kifuani, kina mfuniko mzito wa kukaza kwa usukani, na juu yake saa yenye mshale unaoonyesha mvuke una nguvu kiasi gani. Zilikuwepo ndogo, za mikasi na visu vya upasuaji, na tangu mwaka uliopita ilikuwepo kubwa, inayoweza pia kuchemsha chupa za maji ya chumvi zilizozibwa kabisa.

Aliyepiga simu alikuwa muuguzi, msimamizi wa chumba cha kutakasia vyombo katika hospitali ndogo upande wa pili wa mji. Alikuwa na sauti ya mtu asiyependa kupoteza muda. Alisema mashine yao kubwa imefika wiki iliyopita na leo ndiyo mara ya kwanza wanaitia chupa. Kitabu, ukurasa wa kumi na tisa, kinasema moto ukizimwa wasubiri dakika kumi na tano, mshale ukifika sifuri wafungue mfuniko.

"Ile yetu ya zamani kwa chupa tulikuwa tunangoja saa nzima na ushee," alisema. "Hii mpya ina haraka gani?"

Mwandishi akavuta faili. Akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Pembeni, kwa wino wa bluu, kulikuwa na saini ya mhandisi mkuu, na tarehe, na mhuri. Kila kitu mahali pake.

"Namba hiyo imepitishwa na mhandisi wetu, sista. Usiwe na wasiwasi, ni sahihi."

Muuguzi akashukuru. Akasema basi chupa zitaingia saa tatu, moto utazimwa saa nne na robo, na saa nne na nusu watafungua, maana wodini kuna vidonda vinasubiri hayo maji. Akakata simu.

Mwandishi akarudi kwenye chai yake. Akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini. Ina haraka gani. Yale maneno yalikuwa hayamwachi. Akajibu barua mbili, akapanga kalamu ambazo hazikuhitaji kupangwa, halafu akajiambia wacha nihakikishe tu nipate amani. Akatoa funguo, akafungua droo, akatoa daftari lake la kijani.

Hapa lazima nieleze habari ya daftari hilo, maana ndimo mchezo wote ulimo. Mwandishi wa maelekezo hajui mashine. Anayejua ni mtaalamu, na mtaalamu, jamani, mtaalamu ni mtu wa tabu. Ukimwuliza swali kwa upole, atakwambia nitakujibu kesho, na kesho hiyo haifiki. Ukimwachia nafasi tupu kwenye karatasi ajaze mwenyewe, karatasi italala mezani kwake mpaka iote vumbi. Lakini andika kitu cha makosa, umpelekee! Hapo hata kama yuko na homa atainuka kitandani aje akusahihishe. Mwandishi aliligundua hilo mwaka wake wa pili kazini, na tangu hapo alikuwa haachi nafasi tupu hata siku moja. Pale asipojua namba, aliweka ya uongo, ya uongo wa makusudi, inayonuka kidogo ili mtaalamu airukie. Mwenyewe aliziita chambo.

Na ili asijichanganye, kila chambo alikiandika kwenye daftari la kijani pamoja na kisanduku kidogo pembeni. Mtaalamu akiuma na kutoa namba ya kweli, anatia alama kwenye kisanduku. Miaka tisa. Mamia ya chambo, mamia ya alama. Alijivunia daftari lile kuliko cheti chake cha chuo, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

Akafunua kurasa za mwaka jana. Mashine kubwa. Uzito wa mfuniko, alama. Kiasi cha maji, alama. Waya wa umeme, alama. Kisha, katikati ya ukurasa, kwa mwandiko wake mwenyewe: chupa, muda wa kungoja kabla ya kufungua, 15. Kisanduku kilikuwa kitupu.

Akageuza ukurasa, akaurudisha, kana kwamba alama ingekuwa imejificha nyuma. Mwezi ule mama mkwe wake alikuwa amelazwa, na yeye alikuwa mguu mmoja hospitali mguu mwingine kazini. Mswada ulirudi umesainiwa kurasa zote arobaini, akaupeleka kiwanda cha uchapaji bila kufungua daftari. Basi. Hakuna muujiza mwingine uliotokea.

Na ubaya wake, alijua kwa nini namba ile ilikuwa chambo. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, zamani, kwa subira ya mwalimu wa watoto. Mshale ukifika sifuri, alimwambia, maana yake mvuke wa kwenye chungu umekwisha. Lakini chupa iliyozibwa haina habari na mshale. Maji yaliyo ndani yake bado ni ya moto kupita kuchemka, yanatafuta pa kutokea. Fungua mfuniko mapema, hewa baridi iguse kioo, na chupa itakupasukia usoni pamoja na maji yake. Ndiyo maana aliandika kumi na tano. Aliandika namba ndogo kusudi, ili mzee aruke.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika ishirini. Chupa zilikuwa zimeshaingia.

Akapiga namba ile ya muuguzi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na mara ya tatu akapokea mama wa mapokezi, aliyesema simu ni ya pale mezani, sista yuko ndani, na ndani simu haziruhusiwi. Mwandishi akamwambia aandike. Akamtajia neno moja moja: sista asifungue mashine ya mvuke mpaka nimpigie, hata kama kitabu kinasema afungue. Akamwomba amsomee alichoandika. Mama wa mapokezi akasoma, na ilikuwa sawa. Atampelekea saa ngapi? Akipata mtu wa kumshikia meza, alijibu, maana foleni iliyo mbele yake haina mwisho.

Mwandishi akateremka karakana mbio mbio, faili kwapani.

Mhandisi mkuu walimwita Kamusi, kwa sababu ukimwuliza jambo lolote la mashine alikuwa nalo kichwani, herufi kwa herufi. Alibakiza miezi miwili kustaafu. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na katika kiwanda kizima hakuna aliyemheshimu kuliko Mwandishi. Alimkuta akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Mzee, shikamoo. Ile mashine kubwa, muda wa kungoja ukichemsha chupa. Ni dakika ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kumi na tano."

Alijibu bila hata kupepesa. Mwandishi akashukuru Mungu moyoni. Kumbe namba ilitokea kuwa ya kweli! Kumbe alibahatisha! Akataka kucheka, lakini mazoea ya kazi yakamsukuma aulize swali moja zaidi, lile ambalo angepaswa kumwuliza mwaka jana. Akamwuliza ameitoa wapi.

Kamusi akavuta droo ya meza yake, taratibu, kama mtu anayekwenda kumwonyesha mtoto kitu kilicho wazi. Akatoa kitabu. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa wa kumi na tisa, akauelekeza kwake.

Kilikuwa kitabu chake. Chake yeye Mwandishi, jalada lake, picha zake, namba yake ya simu nyuma.

"Mzee," alisema Mwandishi, "hiki nimekiandika mimi."

"Najua. Na mimi nimekisaini."

"Nilikiandika nikikungoja wewe unisahihishe."

Kamusi akavua miwani. Alisema hakuona sababu ya kusoma kila mstari. Alisema miaka tisa kila kitabu chake kimetoka safi, hakijawahi kuletewa lawama na mteja hata mmoja, kwa hiyo siku hizi akiona ni kazi yake anasaini na kuendelea na mengine. Alisema kwa upendo, kama mtu anayesifu. Masikini, hakujua kwamba vitabu vile vilitoka safi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiviuma kila mstari. Siku aliyoacha kuuma, hakuna aliyebaki mlangoni.

Mwandishi akamwambia ukweli wote, habari ya chambo na kisanduku kitupu. Mzee akatikisa kichwa. Hapana, alisema, namba ni ya kweli, niliipima kwa mkono wangu. Akataja na siku: mvua ilikuwa kubwa, umeme ulikatika mara mbili, alivaa shati la mistari. Alizidi kukaza sauti kadiri alivyozidi kuhadithia. Alikuwa hasemi uongo, hilo Mwandishi aliliona. Alikuwa anakumbuka.

Ndipo Meneja akaingia, amesikia sauti juu. Meneja alikuwa kijana kwa umri kuliko wote wawili, mwenye suti na haraka. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akachukua faili kutoka kwapani mwa Mwandishi na kutazama saini.

"Mama, wewe tulia," alisema. "Wewe umefunikwa, lawama haikufikii. Saini ni ya mzee."

Alisema hivyo mbele ya mzee mwenyewe, kama vile mzee ni kabati. Kamusi akainamisha macho akaanza kupangusa tena mikono iliyokuwa safi. Meneja akaendelea. Mashine mia mbili na kumi na nne ziko nje na kitabu kile. Mteja asiambiwe neno lolote mpaka wakae kikao saa nane mchana, waangalie nani aliandika nini na nani alipitisha nini. Hofu ikitoka kiwandani hairudi, alisema.

Mwandishi akasema saa nne na nusu kuna mtu anafungua mfuniko.

Meneja akajibu kwamba mzee amesema ni salama, na mzee ndiye mtaalamu, au siyo, mzee? Kamusi akaweka kitambaa chini. Akaenda kwenye rafu, akaanza kushusha chupa moja moja na kuzipanga kwenye mashine ya majaribio.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na tano. Mwandishi alipanda ofisini, akachukua mkoba, na ndani yake akatia bahasha ya kadi za dhamana, zile ambazo wateja hujaza jina na simu na kuzirudisha kwake. Meneja alikuwa amemfuata mpaka ngazini. Hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba akivuka lango lile kabla ya kikao, asijisumbue kurudi.

Nitakuwa mwongo nikisema hakuogopa. Aliogopa sana. Ada ya chuo ya binti ilikuwa juu yake, mumewe alikuwa akipata kazi za kubahatisha, na umri wa kuanza kutembeza barua za maombi ulikuwa umempita. Alisimama pale ngazini kiasi cha kuvuta pumzi mara tatu, na kila pumzi ilimwambia neno lilelile alilokwisha kuambiwa, umefunikwa, umefunikwa. Kisha akafikiria uso wa mtu aliyeinama juu ya mfuniko, uso ambao hakuwahi kuuona. Akavuka lango.

Teksi aliipata haraka. Njia ndiyo haikuwa na huruma. Walikwama kwenye mzunguko, wakakwama penye barabara inayochimbwa, na dereva akataka kumchangamsha kwa habari za mpira. Alipiga mapokezi mara nane. Simu ilikuwa inatumika, kisha inaita, kisha inatumika. Saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika kumi na mbili. Moto ulikuwa karibu kuzimwa, na baada ya hapo ni zile dakika zake kumi na tano, alizozitunga akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sekunde mbili, huku akiwaza apike nini jioni.

Kwenye taa za mwisho simu yake iliita. Alikuwa Kamusi.

"Nimefungua makabati yote," mzee alisema. "Karatasi ya vipimo hakuna. Ya ile ndogo ipo, tarehe yake ndiyo siku ya mvua. Niliyopima ni ile ndogo, mwanangu."

"Basi hii kubwa ni dakika ngapi, mzee?"

"Sijui. Ndiyo kwanza natia moto. Mwambie asifungue."

Alifika saa nne na dakika ishirini na saba. Kwenye meza ya mapokezi, chini ya kikombe, aliiona karatasi yenye maneno yake, imeandikwa vizuri, bila kosa hata moja. Mama wa mapokezi akafungua kinywa kujitetea, lakini Mwandishi alikuwa amekwisha kupita. Aliuliza njia kwa mfanyakazi aliyekuwa akipiga deki, akakimbia kwenye korido akiwa ameshika viatu mkononi, akasukuma mlango ulioandikwa hairuhusiwi kuingia.

Chumba kilikuwa kidogo na cha joto. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Kitabu kilikuwa wazi juu ya meza, ukurasa wa kumi na tisa, kimebanwa kwa mkasi kisijifunge. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Alikuwa ameshika usukani wa mfuniko kwa mikono miwili, macho yake kwenye saa ya ukutani.

"Usifungue," alisema Mwandishi, akihema.

"Wewe ni nani? Hapa haingii mtu."

"Mimi ndiye niliyeandika kitabu hicho."

Muuguzi akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu mitupu. Hakuachia usukani.

"Kitabu chako ndicho kinasema nifungue," alisema. "Na asubuhi nilikuuliza. Umeniambia namba ni sahihi. Sasa unaniambia si sahihi. Nina wagonjwa sita wanangoja maji haya. Nikuamini kwa lipi?"

Njia nzima Mwandishi alikuwa amepanga maneno. Kumetokea hitilafu, angesema. Namba inaangaliwa upya na wataalamu. Ni maneno mazuri, ya kiofisi, na kila moja lingeweza kusimama mbele ya kikao. Akayatafuta sasa na kuona hayana kazi, kwa sababu mtu aliye mbele yake alikuwa ameshawahi kusikia sauti hiyo hiyo ya kiofisi asubuhi, na ndiyo iliyomweka pale.

"Niliitunga," alisema. "Hiyo kumi na tano. Sikupewa na mtu. Niliiweka ya uongo makusudi, ili mhandisi akiiona anikosoe, halafu nikasahau kuangalia kama amenikosoa. Asubuhi sikuwa najua kitu. Niliona saini nikakujibu."

Mshale wa sekunde ulizunguka. Muuguzi akatazama ukurasa ulio wazi mezani. Kisha akauachia usukani, kidole kimoja kimoja, akarudi nyuma hatua mbili.

Walibaki hivyo, wamesimama, macho kwenye mfuniko. Ilipita dakika moja, labda mbili. Mwandishi alikuwa ameanza kufikiri kwamba pengine hakuna kitu, pengine amejimwagia unga wake bure kwa chupa ambazo zimekaa kimya kama mtungi wa maji. Ndipo ndani ya chungu kikasikika kishindo, kizito, na mfuniko mzima ukatetemeka. Kikafuatia mlio wa vioo vikimwagika juu ya chuma. Halafu kingine.

Muuguzi akatafuta kiti kwa mkono, bila kugeuka, akakaa. Akashika shavu lake, akateremsha kiganja mpaka shingoni.

"Ningekuwa nimeinama pale," alisema. "Mimi huinama. Miwani yangu hupata ukungu, kwa hiyo huinama karibu."

Mwandishi akaanza kuomba radhi. Alilia pia, sitaficha, alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, na muuguzi hakumbembeleza. Alikuwa na hasira. Akamwacha alie mpaka akaishiwa, kisha akauliza swali ambalo yeye lilimhusu zaidi, swali la mtu mwenye wagonjwa sita.

"Kwa hiyo ningoje dakika ngapi?"

Katika miaka tisa Mwandishi hakuwahi kuacha nafasi tupu. Hata sasa namba zilimjia zenyewe, nzuri, za mviringo, saa moja, saa moja na nusu, ulimi ulikuwa umeshainuka.

"Sijui," alisema.

"Anajua nani?"

"Kuna mzee anapima hivi tunavyoongea. Hata yeye bado hajui. Iache ipoe kabisa mpaka chungu chote kiwe baridi kwa nje, hata ikichukua siku nzima. Zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha."

Muuguzi akatikisa kichwa polepole. Akaita msaidizi kutoka korido, akamtuma akaazime maji kwenye hospitali ya jirani. Akachomoa mkasi kwenye kitabu, kitabu kikajifunga. Akauliza wengine wangapi wanacho. Mwandishi akasema jumla ni mia mbili na kumi na nne, kwa hiyo ukiwaondoa wao wamebaki mia mbili na kumi na tatu.

"Basi mbona umekaa?"

Wakampa kiti kwenye korido, karibu na dirisha. Akatoa bahasha ya kadi, akaichagua ya kwanza. Ilikuwa zahanati mojawapo ya mbali, akapokea mganga mkuu, mwanaume mwenye sauti ya kuchoka. Mwandishi akamweleza ukurasa na mstari. Akamwambia wasichemshe chupa tena mpaka wapate namba iliyopimwa, na kama kuna chupa ndani sasa hivi mtu asiguse mfuniko. Mganga akasema ngoja niandike. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza. Chini ya karatasi, akasema, kuna mahali pa kujaza jina la mhusika, kwa ajili ya taarifa ya makosa. Naona hapa kwenye kitabu limechapwa jina la mhandisi aliyekipitisha. Nimwandike yeye?

Mlango wa chumba cha mvuke ulikuwa wazi, na muuguzi alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, anasikiliza.

"Hapana," alisema Mwandishi. "Mhandisi anapima sasa hivi. Aliyekosea ni mimi." Akamtajia jina lake lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho, akangoja alimalize kuliandika. Kisha akachukua kadi ya pili.